Macho ya Kuazima

Tangu akiwa mdogo aliitwa Binti Studio, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na bibi yake. Baba yake alikuwa fundi picha, na studio yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: pazia la nyuma lililochorwa ngazi na maua, stuli moja ya kuzunguka, kioo cha ukutani, na kitana kilichofungwa kwa kamba kisije kikaondoka na mteja. Mtu hakupigwa picha pale mpaka ajitazame kiooni, ajifute jasho, ainue kidevu, kisha aambiwe, "Haya, tulia." Waliojitia haraka walirudishwa kiooni. Fundi alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa kidevu.

Na macho. Flashi ikipiga, watu hupepesa, na mteja aliyetokea macho yamefumba, kwa fundi ilikuwa aibu ya nyumba nzima. "Huyu tumemtoa marehemu," alikuwa akisema, na picha haikutoka mlangoni mpaka marehemu afufuliwe. Kama kulikuwa na picha nyingine ya mtu huyohuyo, macho yalichukuliwa huko. Kama haikuwepo, yaliazimwa kwa ndugu yake. Na kama ndugu hakupatikana, kulikuwa na akiba ndani ya kompyuta, macho ya kila aina. Binti alijua kufumbua watu macho kabla hajajua kupika, na mama yake hakuacha kulisema hilo mbele za wageni.

Macho yaliyotumika kuliko yote kwenye akiba ile yalikuwa ya fundi mwenyewe. Alijipiga picha kwa mwanga wa asubuhi, wa mchana na wa taa, akitazama kushoto, akitazama kulia, akiwa amenuna, akiwa anacheka. Yaliwakaa vizuri wanaume waliokula chumvi nyingi. Ukiingia sebule za mtaa ule ukainua uso ukutani, baba huyu na babu yule walikuwa wakikutazama kwa macho ya mtu mmoja. "Mimi sina pa kujificha," mkewe alikuwa akilalamika. "Nikienda kupiga soga kwa jirani, mume wangu yuko ukutani ananitolea macho."

Hayo yote pale studio hayakuitwa kubadilisha picha. Kubadilisha kulikuwa na bei yake: kumvisha mtu suti asiyokuwa nayo, kumtoa shemeji aliyekosana na familia. Kufumbua macho hakukuwa na bei. Kulikuwa sehemu ya kupiga picha, kama kufuta vumbi kwenye lenzi.

Basi akakua, akapata udhamini wa kwenda kusoma upigaji picha ng'ambo. Sharti la udhamini lilikuwa fupi: ukifeli mwaka wa mwisho, tiketi ya kurudi unapewa, ada hupewi tena. Mama yake hakulisikia sharti hilo, au alijitia hamnazo, kwa sababu alikuwa amekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mwanawe anarudi na shahada. Binti akaondoka na koti la kuazima, kamera ya mtumba na kidude cha kuhifadhia kazi ambacho ndani yake baba yake alimtilia akiba yote ya macho. "Huwezi kujua," alimwambia.

Mwaka wa mwisho kazi kubwa ilikuwa moja: picha za mtaani za watu wasiojua kwamba wanapigwa. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyekuja chuoni kwa baiskeli na kuanza kufundisha akiwa bado anavua glavu. Kanuni aliitoa siku ya kwanza, amesimama mlangoni. "Mwanga mnaweza kuongeza na kupunguza. Pembeni mnaweza kukata. Kilichokuwepo kinabaki, na ambacho hakikuwepo hakiingii. Atakayevunja hilo amefeli mwaka, na asije kulia ofisini kwangu." Wakaitikia wote, na Binti Studio akaitikia kwa sauti kuliko wengine, maana kwao nidhamu ya darasani waliichapiwa.

Shida yake mwanzoni haikuwa kanuni. Shida ilikuwa adabu. Mkono ulikataa kumpiga mtu ambaye hajajiandaa. Alimsogelea mtu barabarani, akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo kana kwamba anabisha hodi, na yule mtu naye akajiweka sawa. Muuza magazeti alifunga vifungo. Askari wa barabarani alinyoosha kofia. Hata bibi mmoja aliyekuwa anamkaripia mbwa wake alinyamaza, akampakata mbwa, na wote wawili wakatazama kamera. Binti aliwapiga vizuri, videvu juu, akazipeleka darasani roho kwatu.

Mwalimu alizipitia zote bila kuketi. "Hizi ni picha za pasipoti," alisema, "zilizopigwa nje." Darasa lilivunjika mbavu. Binti akacheka nao ili asionekane, lakini alirudi chumbani kwake akajilaza na viatu, na kwa mara ya kwanza tangu afike aliona kweli kwamba anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Aliyemsaidia bila kujua ni dobi. Kwenye makutano ya barabara karibu na bweni kulikuwa na duka la dobi lenye kioo kikubwa, na mbele yake kivuko cha waenda kwa miguu. Siku moja Binti alikaa pale dirishani kusubiri blanketi lake, akagundua kwamba hakuna mtu duniani anayemjali mtu anayesubiri nguo. Watu walipita wanabishana, wanakula, wanajikuna, wanabusiana, wala hawakumwona. Kesho yake alirudi na mfuko mtupu. Dobi alimtazama kwa jicho la pembeni, lakini ilipopita wiki akamzoea, akawa anamwekea kiti.

Akajifunza upya kila kitu. Alijifunza kuipakata kamera mapajani na kuibonyeza bila kuinamia. Alijifunza kutobana pumzi, kwa sababu mtu aliyebana pumzi hutazamwa. Alijifunza kwamba jambo huanza miguuni kabla halijafika usoni, na mtu anayetaka kukimbia, kugeuka au kukumbatia huwa ameshajitangaza kwa kisigino. Picha zake zikaanza kuwa na uhai. Mwalimu aliacha kuzipitia akiwa amesimama, akavuta kiti, na kwa mwalimu yule hiyo ilikuwa sawa na kushangiliwa.

Halafu ikaja picha yenyewe. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa anavuka kivukoni, mkono wake umekaa begani kwa mtoto wa kike aliyevaa buti za njano. Nyuma yao kijana wa kupeleka mizigo alijikwaa, kasha likapasuka, machungwa yakatawanyika barabara nzima. Mtoto akasema neno. Mzee akatupa kichwa nyuma akacheka, kicheko cha kufungua koo, huku machungwa yanapita kati ya miguu yao na kijana wa watu anayafukuza ameinama. Binti alibonyeza mara moja tu. Alijua, kama mpishi anavyojua chumvi, kwamba ameipata.

Aliirudisha chumbani, akaifungua kwenye kompyuta. Meza yake ilikuwa karibu na bomba la joto, na harufu ya vitunguu vya jiko la pamoja ilipenya chini ya mlango. Alipunguza mwanga wa angani, akakata pipa la taka lililojipenyeza kushoto. Kila kitu kilikuwa mahali pake: buti, machungwa, mgongo wa kijana, meno ya mzee. Macho ya mzee tu ndiyo yaliyofumba.

Mkono ulikwenda wenyewe. Alifungua akiba, akapita macho ya baba yake moja baada ya jingine mpaka akafika yale yanayocheka na kutazama chini kushoto. Akayapunguza, akayainamisha, akalainisha kivuli chini ya kope, akachukua rangi ya ngozi kwenye shavu la mzee na kuifutia pembeni mwa jicho. Sasa mzee alikuwa anamtazama yule mtoto, na picha nzima ikakamilika. Binti alipiga makofi peke yake chumbani. Kanuni ya mwalimu haikumpitia kichwani kabisa, kama vile mtu anayefuta makamasi ya mtoto asivyofikiri kwamba anambadilisha sura.

Ilimpitia siku ya kukusanya kazi, mwalimu alipoirudia kwa ukavu uleule. Hapo angeweza kuitoa ile picha, na hakuitoa. Alijiambia kwamba hakuongeza kitu, kwani kila mtu ana macho.

Mwalimu alikagua faili mbichi, zile zilizotoka kwenye kamera hazijaguswa, za wale aliowashuku, na Binti Studio hakuwa mmoja wao. Alipofika kwenye picha ya mzee alisema, "Hapa uliona." Ikachaguliwa ya kwanza kwenye maonyesho, na ndiyo ikawekwa kwenye bango: dirisha la maktaba, mlango wa chuo, vituo vya basi. Matokeo ya mwaka yangetoka maonyesho yakifungwa. Binti aliituma nyumbani kwa simu. Mama yake alilia. Baba yake aliitazama, akasema ni kazi safi, kisha akauliza, "Huyu mzee nimemwona wapi?"

Mwanamke alikuja chuoni siku ya tatu ya maonyesho. Alikuwa mshona mapazia. Pini zilikuwa bado zimechomekwa kwenye kola ya koti lake na futi ya kupimia ilimning'inia shingoni. Alisimama mbele ya picha, akaomba aletewe aliyeipiga, na Binti Studio akaja akitabasamu, akidhani anakuja kupewa hongera.

"Wewe ndiye uliyempiga baba yangu?"

"Ndiye baba yako? Samahani, dada, kama sikuomba ruhusa..."

"Ruhusa ya nini? Niambie tu ilikuwa saa ngapi. Niambie aliyafumbua kwa muda gani."

Binti hakuelewa, na mwanamke akaona kwamba hakuelewa, akamweleza palepale. Baba yake aliugua homa, ni miaka miwili sasa. Alipona, lakini kope ziligoma. Macho yenyewe ni mazima. Kope ndizo zimekaza, na kila akijitahidi kuzifungua zinakaza zaidi, hata ukimshika kwa vidole unamuumiza bure. Daktari alisema zinaweza kuachia siku yoyote, hasa siku atakayosahau kujaribu, au zisiachie kamwe. Tangu hapo mzee hajaona kitu. Nje hutembea kwa kushika bega la mjukuu.

"Na hapa anamtazama," mshona mapazia alisema, akagusa kioo cha picha kwa kidole. "Tazama. Anamtazama mwanangu. Aliyafumbua."

Binti akaitazama picha upya. Ule mkono begani, alioupenda kuliko vyote kwenye picha ile na kuuita mapenzi, ulikuwa fimbo ya kipofu. Mwalimu alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi akizungumza na wageni, kikombe mkononi, umbali wa kusikia kama mtu akipaza sauti.

"Ilikuwa haraka," alisema. "Sikumbuki vizuri."

Hilo ndilo jibu alilotoa, na mshona mapazia alilichukua kama zawadi. Akaandika anwani yake, akamwomba nakala ya picha, akasema aje nyumbani Jumamosi wanywe chai, mzee angefurahi kumsikia. Akaondoka mbio kwa furaha.

Siku zilizofuata Binti alikula kidogo. Alimpigia baba yake simu, akamwambia yote. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kivuli cha chini ya kope ulikiweka?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Maana kama wamesadiki mpaka ndugu zake..." Alijisahau kidogo kwa fahari, kisha akajirudi. "Ni macho yangu yapi hayo?"

"Yale ya kucheka. Ya chini kushoto."

Nyuma ya simu ilisikika sauti ya mteja akiuliza kitana kiko wapi. "Sasa mwanangu," fundi alisema, "hapa kwetu mteja huja mwenyewe na mdomo wake akasema nifumbulie. Huyo hakuja. Hilo la chuo chako mimi silijui. Ukirudi nyumbani stuli iko palepale, hakuna atakayekufukuza. Mama yako nitaongea naye." Alipofika hapo kwenye mama sauti ilimpungua, kwa sababu hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Jumamosi alikwenda na picha kwenye bahasha, hajakata shauri. Tuwe wakweli kwa ajili yake: alitoka akiwa na maneno mawili tayari, ya kukiri na ya kukwepa, na alitarajia mlango ungemchagulia. Ilikuwa nyumba ya ghorofa ya chini, mapazia mazito kila dirisha, yameshonwa vizuri mno kwa nyumba ile. Mjukuu alifungua, bado na buti za njano, akamwingiza kwa babu yake, akarudi kucheza uani. Mama yake alikuwa hajatoka kazini.

Mzee alikaa kitini, kofia ileile, macho yamefumba kwa nguvu kama mtu aliyeingiwa na sabuni. Binti alimwamkia, mzee akaitikia, akamwonyesha kiti kwa mkono bila kukosea.

"Wewe ndiye mwenye kamera."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kazi nzuri, nasikia. Machungwa yametoka?"

"Yametoka."

"Hayo niliyasikia. Mjukuu wangu alisema, babu, leo hata machungwa yanavuka barabara. Ndipo nikacheka." Akacheka tena, kidogo. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, "Na hayo macho umeyatoa wapi?"

Binti aliikumbatia bahasha kifuani.

"Usiogope. Macho ni yangu, binti. Yakifumbuka, wa kwanza kujua ni mimi."

Basi ikawa amekiri bila kupiga moyo konde, maana kulikuwa hakuna cha kukiri. Alieleza studio, akiba, na baba yake. Mzee alisikiliza kwa makini, akauliza maswali ya maana kuhusu kuunganisha ngozi, na aliposikia habari ya sebule za mtaa mzima zinazotazamwa na fundi mmoja, alijipiga goti.

"Sasa kwa nini hukumwambia binti yako?" Binti Studio aliuliza.

"Nilimwambia siku ya kwanza. Akasema, baba, picha ile pale. Siku ya pili nikanyamaza." Alijifuta chini ya kope kwa leso, zilikuwa zinatoa machozi muda wote, si ya huzuni. "Sikiliza nikwambie. Mwanangu tangu niugue amejiachia. Kazini, jikoni, kitandani. Hajinunulii kitu. Mimi sioni, lakini nguo nazisikia; ni gauni lilelile la kazini mpaka usiku. Tangu aione picha yako, akirudi anapita chumbani kwake kwanza. Nasikia kabati. Nasikia kitana. Anavaa kitambaa kingine, chenye sauti, ndipo anakuja kusimama hapa mbele yangu na kuniamkia. Kila siku. Ili nikifumbua nimkute yuko vizuri. Nikimsadikisha kwamba si kweli, ataacha."

Binti aliigeuza bahasha mapajani.

"Wewe nadhani una sababu zako za kunyamaza," mzee alisema, "na mimi ninazo. Basi tunyamaze."

Njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Shahada yake, furaha ya mama yake, na sasa hata ruhusa ya mwenye macho. Mtu angetaka nini zaidi?

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Walisikia mfuko ukitua, maji, kabati, kitana, kama mzee alivyosema. Kisha mshona mapazia akaingia amevaa gauni la bluu lenye kola iliyosimama, nywele amezibana nyuma, midomo ameipaka rangi kidogo. Hakumsalimu mgeni kwanza. Alikwenda kusimama mbele ya kiti, mikono kando, kidevu juu, akasema, "Baba, nimerudi," akangoja. Binti Studio aliijua namna ile ya kusimama. Alikulia kwenye chumba ambamo watu walisimama hivyo, wakingoja kuambiwa watulie. Lakini hakuna aliyesimama pale studio akangoja bure namna ile.

Mzee alikaza uso, akajitahidi au alijifanya anajitahidi. Kope hazikutikisika. "Karibu, mwanangu," alisema.

Mwanamke alishusha kidevu, akamwita Binti jikoni wakate keki. Huko aliwasha birika, akachukua kisu, asikate kitu.

"Kwako alifumbua," alisema. Hakuwa na ile furaha ya chuoni tena. "Nisamehe, nakueleza wewe kwa sababu ulikuwepo. Barabarani, mbele ya kila mpita njia, alifumbua. Mimi namwogesha. Mimi namkata kucha. Namsimamia pale kila jioni, nimejipamba kama bibi harusi, na hataki. Jana nilimwambia. Nilimwambia, baba, kumbe wa kuonwa ni watu wa njiani, mimi mwanao ndiye usiyetaka kuniona. Nikamwambia kwamba siku ile angefumba tu, ingekuwa afadhali kwangu."

"Yeye akasema nini?"

"Akasema samahani."

Binti Studio aliweka bahasha mezani. "Dada, hakufumbua."

"Nini?"

"Macho niliyaweka mimi. Kwa kompyuta. Siku ile alikuwa amefumba, na mimi nikadhani amepepesa tu, kwa hiyo nikampa mengine. Ni ya baba yangu. Hakufumbua hata kidogo. Jumatatu nitakwenda kumwambia mwalimu, na picha itatolewa, lakini nilitaka..." Maneno yalimwishia. Alitoa kwenye bahasha karatasi mbili, maana alikuwa amezichapisha zote mbili bila kujua atatoa ipi: ile ya bango, na ile mbichi.

Na mambo ya chuo yakaja kuwa hivyo hivyo, kwa hiyo tuyamalize hapa, hayana utamu. Picha ilitolewa, bango likabanduliwa, mwaka akafeli, udhamini ukakatwa. Mwalimu hakumkaripia, alisema, "Ungeiacha ilivyokuwa ningeichagua vilevile," na maneno hayo yalimkaa Binti rohoni kuliko kufeli. Alirudi nyumbani kwa tiketi waliyomwahidi, akakalia stuli ya baba yake, na mama yake hakuzungumza naye mpaka mvua zilipoisha.

Lakini pale jikoni mshona mapazia alikuwa ameziweka karatasi mbili sambamba, anazitazama kwa jicho la fundi anayetafuta mshono. Uso ulimwiva. "Una wazimu," alisema taratibu. "Umemwekea baba yangu macho ya mtu. Unajua nimewaonyesha watu wangapi? Nimelipiga bango kwa simu nikampelekea daktari!" Aliinua mkono, Binti akangoja kofi, akiona ni halali yake. Mkono ukashuka mezani, juu ya picha mbichi.

"Kwa hiyo hapa haoni."

"Haoni, dada."

"Hakumwona mtoto."

"Hapana."

"Wala hakukuona wewe. Wala hawa wote." Kidole kilipita juu ya kijana wa mizigo, juu ya wapita njia, kikarudi kwenye uso wa mzee uliofumba, koo wazi, meno yote nje. "Alikuwa anacheka tu."

"Alikuwa anacheka tu."

Birika lilichemka mpaka likajizima. Mshona mapazia alikaa chini, akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakamtikisika. "Hakunikataa," alisema humo ndani ya viganja. "Baba yangu hakunikataa. Na mimi nimemtukana jana nzima, naye akaniomba msamaha."

Aliponyanyuka rangi ya mdomo ilikuwa imemtapakaa shavuni, wala hakujishughulisha nayo. Alirudi kwa mzee, Binti nyuma yake mpaka kizingitini. Hakusimama mbele ya kiti. Alivuta stuli ndogo, akakaa ubavuni kwa baba yake, akauchukua mkono wa mzee na kuuweka kwenye kola yake.

"Baba," alisema, "nimevaa gauni la bluu. Nimelishona mwenyewe. Nywele nimezibana nyuma, na hapa juu ya sikio zimeanza kuwa nyeupe, ulipoacha kuniona sikuwa nazo."

Vidole vya mzee vilipanda kwenye kola, vikafika sikioni, vikatulia.

"Endelea," mzee alisema.